Kiti Namba K7/001

Ilikuwepo nchi moja, na inasemekana bado ipo, ambayo jina lake halitatajwa hapa kwa sababu wenyewe wamelisajili na kulitaja kunahitaji kibali. Ilikuwa nchi ya amani mno. Wananchi wake walitulia hata walipokuwa na kila sababu ya kutotulia, na serikali iliwashukuru kwa jambo hilo kila mwaka kwa gwaride refu.

Katika nchi hiyo serikali haikuhudumia shule yenyewe, maana ilikuwa na mambo mengi. Kila kanda ilikuwa na Wakala wa Kusaidia Shule, ofisi ndogo yenye mkuu, karani, mlinzi na mtunza stoo, ambayo kazi yake ilikuwa kupokea fedha kutoka makao makuu na kuzifikisha kwenye chaki, madawati na mapaa. Kanda ya Saba ilikuwa mbali kuliko kanda zote. Mtunza stoo wake aliitwa Mzee Gervas Mahundi, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini na sita bila kupoteza hata pini.

Mzee Mahundi alipenda vitu viwili duniani. Cha kwanza kilikuwa mjukuu wake Rozina, aliyekuwa darasa la tatu katika Shule ya Msingi Mtakuja. Cha pili kilikuwa daftari la mali ya serikali, kubwa kama kibao cha chapati, ambamo kila kitu cha ofisi kiliandikwa jina, namba na hali yake. Kitu chenye namba, Mzee Mahundi angekwambia huku ameinua kidole, hakiguswi. Hakivunjwi, hakitupwi, hakichomwi. Kikipelekwa mahali sharti kirudishwe kilikotoka, na ili kufutwa lazima ikae kamati ya mawaziri kumi na mmoja. Kamati hiyo ilikuwa haijawahi kukaa hata mara moja, kwani waziri wa kumi na moja alikuwa hajateuliwa.

Mfano mzuri ulikuwa paka. Zamani, wakati wa uhakiki, kijana mwenye kopo la rangi kutoka makao makuu alipiga namba kila alichokikuta stoo, na paka alikuwa amelala juu ya mashine ya kudurufu. Akawa K7/043. Kuanzia hapo alitengewa maziwa, na mlinzi aliagizwa kumwamkia. Paka alipokufa, Mzee Mahundi aliandika barua tatu kuomba afutwe, akajibiwa mara tatu kwamba asubiri kamati. Basi mpaka leo daftari linasema: paka, mmoja, yupo, hali nzuri. Mzee Mahundi mwenyewe ndiye aliyemzika nyuma ya choo, lakini akiulizwa na mkaguzi hujibu kama daftari linavyosema.

Sasa, mwaka mmoja, Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Unyumbufu na Uwajibikaji alihutubia taifa redioni. Ofisi nzima ya Kanda ya Saba ilisimama wima kumsikiliza, kwa kuwa waraka ulisema redio ikizungumza watu wasimame.

"Ndugu wananchi," Waziri alisema kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba, "kwa muda mrefu fedha za Kanda zimefungwa kamba kama mbuzi. Za chaki ni za chaki, za paa ni za paa. Huo ni ukoloni! Leo nazifungua. Ibara ya kwanza ya Waraka wa Unyumbufu: fedha ziende popote zitakapo. Ibara ya pili: kila kitu chaweza kubadilishiwa matumizi. Ibara ya tatu na ya mwisho: popote fedha zitakapokwenda, awepo mtu wa kuwajibika. Asanteni, na muwe na amani."

Watu walipiga makofi mpaka mikono ikauma. Wiki iliyofuata ikaja fomu ya kutolea taarifa, na fomu hiyo ilikuwa na visanduku saba tu: semina, mapazia, viburudisho, mabango, ziara, sare, na shukrani. Fedha zilikuwa huru kwenda popote, ila fomu ilizijua njia hizo saba.

Kanda ya Nne ilielewa haraka. Ilijenga bango kubwa la kupongeza Waraka, ikalizindua kwa semina, ikapewa cheti. Kanda ya Pili ilifanya ziara kwenda kulitazama bango hilo, nayo ikapewa cheti. Kanda ya Saba haikuwa na bahati. Mkuu wake wa kwanza chini ya Waraka alinunua chaki na vitabu, akatafuta kisanduku cha vitabu asikione, akaandika pembeni kwa mkono. Mwezi haukuisha ikaja bahasha ya kijani ikimtaka afike makao makuu, Ukumbi wa Uwajibikaji, pamoja na kiti chake.

Kuhusu kiti, maelezo yalikuwa ya kueleweka kabisa. Ukumbi ulijengwa ukapangiwa fedha za viti, lakini fedha hizo zilinyumbuka zikawa mapazia. Yalikuwa mapazia mazito mekundu, yaliyoshonwa tabaka nne, na walioyaona walisema mtu akikohoa ndani, aliye mlangoni hasikii kitu. Kwa hiyo kila aliyeitwa kuwajibika alikwenda na kiti cha ofisini kwake.

Mkuu yule alipanda lori Jumatatu akiwa amekumbatia kiti chake, K7/001, cha mbao ya mninga, chenye mikono. Jumanne ya wiki iliyofuata lori lilirudi. Dereva alishusha kiti, akampa Mzee Mahundi kalamu asaini.

"Na mkuu?" Mzee Mahundi aliuliza.

"Mimi nimeandikiwa kiti," dereva alijibu, wala hakuwa na ubaya wowote usoni.

Kiti kilikuwa kimeoshwa. Kilinukia sabuni mpaka kwenye viungo vya miguu, na Mzee Mahundi hakuipenda harufu ile. Alikianika siku mbili juani kabla ya kukirudisha ofisini, kisha akaandika: kimerudi, hali nzuri.

Mkuu wa pili, mama mmoja mwoga aliyekuja na Biblia yake, hakutumia hata senti. Aliitwa kwa kosa la kutonyumbulika. Kiti kilirudi kimeoshwa. Wa tatu alijaza visanduku vyote saba kwa mwandiko wa kupendeza, ila kwenye shukrani akaandika kiasi kidogo. Kiti kilirudi kimeoshwa. Mlinzi akaanza kuogopa kukigusa, na karani akaomba uhamisho, akanyimwa kwa njia ya amani.

Ndipo akaletwa mkuu wa nne, Bi. Skolastika Mbawala. Alikuwa amefundisha darasa la tatu miaka kumi na tisa, na alizungumza na watu wazima wote kana kwamba wamesahau kuleta daftari la hesabu. Siku ya kwanza alikikalia kile kiti bila kuuliza, akajinyoosha, akasema, "Mzee Mahundi, nipeleke shule iliyo mbaya kuliko zote."

Mzee Mahundi hakuhitaji kufikiri. Alimpeleka Mtakuja.

Ukuta wa mashariki wa darasa la tatu pale Mtakuja ulikuwa umeinama kuelekea ndani, umeegemezwa kwa miti minne, na ufa wake ulipitisha mkono wa mtu mzima. Walimu walikuwa wameandika barua miaka sita. Walipochoka kuandika, waliwafundisha watoto kuishi nao. Kengele haikupigwa tena. Mwalimu alipunga kitambaa. Watoto hawakukimbia, hawakuimba, na aliyesikia chafya inakuja aliinua kidole akatoka kwenda kupigia uwanjani. Somo lote lilikwenda kwa kunong'ona. Rozina alikuwa amezoea hivyo hata nyumbani akiomba maji ananong'ona, na Mzee Mahundi kila akimsikia moyo ulimuuma.

Bi. Skolastika alisimama katikati ya darasa, akawatazama watoto hamsini na nane waliomwamkia bila sauti. Wakiwa njiani kurudi ndipo alipouliza, "Waraka unasema fedha ziende wapi?"

"Popote, Mama. Lakini fomu haina kisanduku cha ukuta."

"Sikukuuliza habari za visanduku."

"Mama, mimi nimesaini kiti mara tatu," Mzee Mahundi alisema.

Bi. Skolastika alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto aliyepata jibu sahihi kwa swali ambalo hakuulizwa. Wiki hiyo hiyo mafundi walianza kazi. Waliubomoa ule ukuta mbovu, wakachimba msingi mpaka kiunoni, wakajenga kwa tofali za kuchoma na saruji ya kutosha, wakaufunga kwa nondo. Fedha zote za mwaka ziliishia pale. Siku watoto walipoingia, mwalimu alipiga kengele, na Rozina alirudi nyumbani akipiga kelele njia nzima, habari yoyote ile, mpaka majirani wakatoka nje. Mzee Mahundi alikaa kwenye kigoda akamsikiliza, akasahau kabisa kwamba mambo kama hayo yana bahasha yake.

Kabla ya bahasha alikuja mtaalamu wa nyufa. Alikuwa bwana mpole mwenye mkanda wa kupimia na ramani ya ukuta wa zamani. Aliupapasa ukuta mpya kwa huzuni ya kweli. "Hapa palikuwa na ufa wa sentimita tisa," alimwambia Mzee Mahundi. "Uliorodheshwa. Tulikuwa nao tangu utawala uliopita. Mmeupeleka wapi?"

Siku tatu baadaye bahasha ya kijani ikafika. Bi. Skolastika aliisoma mbele ya wote bila kubadilika. Alitakiwa Ukumbini Jumatatu, na kiti chake. Aya ya mwisho ilisema kwamba kwa kuwa ukuta ulijengwa nje ya visanduku, Kikosi cha Kurejesha Hali kitaubomoa na kuurudisha kama ulivyokuwa, mwinamo na ufa vikiwemo, ndani ya siku thelathini, na kwamba wanafunzi wasisumbuliwe bali waendelee na masomo humo humo.

"Wanajenga ukuta wa kuanguka," Bi. Skolastika alisema polepole. "Wataujenga makusudi."

"Kwa vipimo," karani aliongeza, akaondoka kwenda kulia uani.

Ijumaa Mzee Mahundi alibisha hodi ofisini kwa Bi. Skolastika, akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa na kopo la rangi nyeupe, brashi na wembe. Alichokuja kukisema hakuwahi kukifikiria katika miaka ishirini na sita.

"Mama, namba mpya hazipo. Makao makuu waliacha kutoa tangu fedha za rangi ziwe mapazia. Lakini ipo hii ya kiti."

"Kiti kinaihitaji, Mzee wangu."

"Kiti ni mbao! Tuikwangue, ujipake wewe. Hapa begani, chini ya gauni. Wale watu sheria yao naijua. Chenye namba hawakigusi. Watakuta K7/001, watafungua orodha, watakupandisha lori Jumanne, na mimi nitakusaini hapa mlangoni."

"Daftari litasema mimi ni kiti."

"Ibara ya pili, Mama. Kila kitu chaweza kubadilishiwa matumizi."

Bi. Skolastika alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akalitazama lile kopo, na Mzee Mahundi akaona jinsi uso wake ulivyotulia, kama mtu aliyepata hesabu ikatoka.

"Ni namba moja tu iliyopo?"

"Moja tu. Na haiwezi kukaa mahali pawili, hiyo ni kughushi."

"Na rangi hii ikinyeshewa mvua?"

Mzee Mahundi alidhani anaogopa jasho la safari. "Haitoki, Mama. Kwa paka ilikaa mpaka tunamfukia."

"Basi kwangua," alisema.

Akakwangua. Kila herufi iliyodondoka ilimchoma rohoni kana kwamba anakwangua ngozi yake. Bi. Skolastika aliazima kopo na brashi mpaka Jumapili, akasema kazi hiyo anaiweza mwenyewe, maana ameandika ubaoni miaka kumi na tisa. Jumapili alikwenda Mtakuja kusali na kuaga. Jioni alirudisha kopo, vidole vimejaa rangi, na alikuwa amejitanda kitenge kutoka shingoni. Mzee Mahundi alifurahi kukiona kile kitenge, akajua bega limeandikwa. Hakuuliza zaidi, si heshima kumuuliza mama wa watu habari za bega lake.

Jumatatu lori lilikuja. Bi. Skolastika alipanda na kiti chake kisicho na namba. Akampa Mzee Mahundi mkono.

"Mwambie Rozina asiache kupiga kelele."

"Utamwambia mwenyewe Jumanne, Mama."

Alikaa kwenye kiti juu ya lori, mgongo umenyooka, na lori likaondoka.

Jumanne ya wiki iliyofuata Mzee Mahundi alivaa koti. Alifagia mlango, akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akachonga penseli. Lori lilifika saa tano. Dereva alishuka peke yake, mikono mitupu.

"Leo sina kitu chako," alisema. "Orodha haina K7/001."

"Tazama vizuri. Si lazima kiwe kiti. Ni namba ya kutazama."

"Nimetazama. Kiti kimoja kilikuwepo Ukumbini, hakina namba. Kisicho na namba si cha serikali. Wapishi wamekichanja kuni."

"Na mwenyewe?" Mzee Mahundi alishika mlango wa lori. "Aliyekikalia?"

Dereva alimtazama kwa huruma, akawasha gari. "Mzee, mimi huwa nabaki nje ya mapazia."

Mzee Mahundi hakula siku ile. Alidhani labda namba ilifutika, labda aliiandika chini mno, labda walimfunika shuka. Alijilaumu kwamba hakuomba kuiona. Jumanne ya pili alivaa koti tena, na ya tatu, na lori lilipita bila kusimama.

Siku ya ishirini na tisa tangu bahasha ifike, Kikosi cha Kurejesha Hali kikafika, watu arobaini wenye nyundo, na Kamanda wao, mtu nadhifu aliyenukia ile ile sabuni. Sheria ilidai mtunza stoo awepo kushuhudia na daftari lake. Wakampandisha garini wakaenda Mtakuja. Darasani watoto walikuwa wakighani hesabu za kuzidisha, mara saba, kwa sauti ya kupasua paa, na Mzee Mahundi aliisikia ya Rozina juu ya zote. Aliona afadhali angezaliwa kiziwi.

"Wasitolewe," Kamanda aliagiza. "Waraka unasema wasisumbuliwe. Anzeni kwa nje."

Watu arobaini walizunguka upande wa mashariki, wakainua nyundo. Hakuna iliyoshuka.

"Mheshimiwa," mmoja aliita. "Njoo uone."

Mzee Mahundi alifika nyuma ya Kamanda. Katikati ya ukuta, kwa rangi nyeupe, katika mwandiko wa mwalimu, herufi zimesimama sawa kama watoto wa mstari wa asubuhi, paliandikwa: K7/001.

Nyundo zilishushwa moja moja. Wawili walivua kofia. Kamanda alisogea, akagusa namba kwa ncha ya kidole, akaona imekauka barabara, akageuka.

"Daftari."

Mzee Mahundi alilifungua. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hakuyafuta, akawa anasoma kwa kukumbuka. "K7/001. Kiti, kimoja, cha mkuu wa wakala."

"Hiki ni kiti?"

"Ibara ya pili, Mheshimiwa," Mzee Mahundi alisema. "Kila kitu chaweza kubadilishiwa matumizi."

Kamanda alifikiri. Alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu zilikuwa upande wa ukuta. Mali yenye namba haivunjwi mpaka mawaziri kumi na mmoja wakae. Mali yenye namba hukaguliwa, na kiti hukaguliwa kwa kukaliwa. Kwa hiyo alitandika leso chini, akakaa, akaegemeza mgongo ukutani, mikono juu ya magoti. Ndani watoto walikuwa wamefika mara tisa. Sauti zao zilipita kwenye tofali zikaingia mgongoni kwake, na ukuta haukutikisika. Alisimama, akakung'uta suruali, akaandika: kipo, imara, hali nzuri. Akampa Mzee Mahundi kalamu.

Mzee Mahundi alisaini. Ilikuwa mara ya nne.

Watu arobaini walipakia nyundo zao. Kamanda alikuwa ameshaweka mguu mmoja garini Mzee Mahundi alipomfuata na kumshika koti, jambo ambalo katika nchi ile halifanywi.

"Na Mama, Mheshimiwa?"

"Mama yupi?"

"Bi. Skolastika Mbawala. Mkuu wetu. Alikuja huko kwenu na kiti chake siku ya Jumatatu, akiwa na kitenge. Yeye anarudi lini?"

Kamanda hakukasirika. Alilichukua daftari kwa heshima, akalilaza juu ya boneti ya gari, akalamba kidole, akafungua ukurasa wa kwanza. Alipita mashine ya kudurufu, akapita paka, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akainua macho, tayari kabisa kumsaidia.

"Namba ngapi?" aliuliza.